Vifaa vyetu: Tochi ndogo ya mfukoni



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kunoa panga. Mwezi huu tuzungumze juu ya tochi. Sisemi ile tochi ndefu ya mawe matatu tuliyoizoea zamani. Nasema tochi ndogo, urefu wake kama kidole cha kati, inayoingia katika mfuko wa shati. Siku hizi inauzwa mjini Moshi, inauzwa Kiboriloni na Himo, hata katika vioski vya vijijini. Wengine wanaisifu. Wengine wanasema ni kitu cha kuchezea watoto. Nani mkweli? Mimi nimetumia moja kwa miezi minne. Nitawaeleza niliyoyaona.

Labda mtu wa mjini ataniuliza, "Tochi ya nini, na umeme umefika vijijini?" Ni kweli, umeme umefika vijiji vingi vya mlimani. Lakini umeme uko ndani ya nyumba. Hauko kwenye njia ya kihamba. Zamu yako ya maji ya mfongo ikiwa saa tisa usiku, lazima uende saa tisa usiku. Ukichelewa, maji yamekwenda kwa mwingine. Ng'ombe akishikwa na uchungu hangoji kupambazuke. Mama mjamzito naye hangoji. Na njia zetu mnazijua. Ni za mteremko, zina mizizi na mawe, na wakati wa masika udongo huteleza kama sabuni. Kando ya njia kuna korongo.

Wengi hutumia simu kuwa tochi. Mimi pia nilifanya hivyo. Lakini tochi ya simu hula chaji. Ukianguka na kuvunjika mguu, simu ndiyo ya kuitia watu. Ikiwa imezimika kwa kumulika njia, utaita kwa mdomo.

Sasa tuitazame tochi yenyewe. Tochi ya zamani ilikuwa na balbu yenye uzi mwembamba. Umeme ulipopita, uzi ulipata moto sana mpaka ukawaka. Nguvu nyingi ya betri ilipotea bure kwa kuwa joto. Tochi mpya haina uzi. Ukichungulia katika kioo chake ikiwa imezimwa, utaona kipande kidogo cha njano kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo taa ya LED. Chini ya rangi ya njano kuna kijiwe kinachotoa mwanga wa bluu. Rangi ile ya njano hubadili sehemu ya mwanga huo, na macho yetu huona mweupe. Taa za LED nyekundu na za kijani zilikuwapo tangu zamani. Ya bluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi. Watatu waliofanikiwa walizaliwa Japani. Majina yao ni Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kitu hiki kidogo si cha kuchezea watoto.

Tochi yangu inatumia betri moja tu ya AA, ile inayotiwa katika saa ya ukutani. Niliichagua kwa sababu hiyo. Betri ya AA haikosi dukani. Kuna nyingine za mfukoni zinazotumia betri tatu nyembamba za AAA. Kuna zinazotumia betri za kidonge. Hizo za kidonge sizipendi hata kidogo, na nitasema kwa nini.

Boksi la tochi yangu liliandikwa kwamba inatoa lumeni 1,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Nawaambia wazi, betri moja ya kawaida ya AA haiwezi kutoa mwanga huo. Hayo ni maandishi ya kuuzia. Kwa kutembea njiani lumeni 50 zinatosha kabisa. Basi usisome boksi. Mwombe mwenye duka akuruhusu uingie nayo mahali penye giza, hata chini ya meza. Tazama kama mwanga una shimo jeusi katikati. Bonyeza kitufe mara 10. Kama mara moja kimekataa, rudisha. Kitufe kinachokataa dukani mchana kitakataa korongoni usiku.

Nyumbani niliijaribu zaidi. Niliidondosha sakafuni kutoka kimo cha kiuno mara tatu. Haikuzimika. Nikaimwagia kikombe cha maji, maana mvua yetu haina adabu. Haikuingia maji, kwa kuwa kifuniko cha nyuma kina mpira wa mviringo. Mpira huo ufutwe kwa kitambaa kikavu kila unapobadili betri. Chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha maji.

Sasa nieleze kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa pili, zamu yetu ya maji ilikuwa usiku wa manane. Mama watoto aliniambia, "Baba, chukua na ile tochi kubwa." Nikamjibu kwamba ndogo inatosha. Nilikuwa nimeitumia wiki mbili na mwanga wake ulikuwa vile vile kama siku ya kwanza. Nilifika kwenye mfongo salama, nikafungua maji. Wakati wa kurudi, nikiwa juu kabisa ya korongo, ikazimika. Haikufifia wala haikutoa dalili. Ilizimika kama mshumaa uliopulizwa. Nilikuwa nimeiacha simu nyumbani. Kwa kuwa macho yalikuwa yamezoea mwanga mweupe, sikuona hata mkono wangu. Nilikaa chini matopeni, nikashika shina la mgomba, nikaita. Alikuja meku mmoja jirani yetu na tochi yake ya mawe mawili, yenye mwanga mwekundu kama kaa la moto. Hakunicheka usiku ule. Alinicheka asubuhi.

Kwa nini ilizimika vile? Nilimwuliza fundi wa redio mjini, naye alinifahamisha vizuri. Taa ya LED nyeupe inahitaji nguvu ya volti kama 3. Betri moja ya AA ina volti 1.5 tu. Kwa hiyo ndani ya tochi kuna kijimtambo cha kukuza volti. Mtambo huo hukamua betri mpaka tone la mwisho, na mwanga haupungui. Betri ikiisha, basi. Tochi ya balbu haikuwa na mtambo. Betri ilipochoka, mwanga uligeuka njano, kisha mwekundu, nawe ukajua mapema. Hata zile ndogo za betri tatu za AAA, nyingi hufifia pole pole. Mwanga wao wa mwisho ni mbaya, lakini unakufikisha nyumbani.

Tangu siku ile sitoki usiku bila betri ya pili mfukoni. Naijua njia ya kuibadili kwa kupapasa gizani. Nilifanya mazoezi kitandani macho yamefumbwa, watoto wakidhani nimepagawa. Upande wenye chuchu huelekea kwenye kioo. Lakini usiamini mazoea katika tochi nyingine. Tazama alama ya kujumlisha iliyochorwa ndani.

Juu ya betri kuna jambo la fedha. Betri za bei nafuu hazidumu. Zile zilizoandikwa "alkaline" bei yake ni kubwa, lakini katika tochi hudumu mara mbili tatu zaidi. Piga hesabu kwanza. Na betri iliyochoka usiiache ndani ya tochi. Hutoa maji makali yanayokula chuma, na tochi imekufa.

Ziko tochi ndogo za kuchaji, zenye betri ya lithiamu. Mwanga wake ni mkali, na penye umeme zinapunguza gharama. Betri ile usiitupe motoni. Usiitie mfukoni peke yake pamoja na funguo au sarafu, maana inaweza kuwaka.

Na sasa betri za kidonge. Mtoto mdogo huziona kama pipi. Akimeza moja ikakwama kooni, huunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usingoje kuona kama itatoka. Usimtapishe. Mpeleke hospitali saa ile ile, iwe usiku au mchana. Mimi nyumbani kwangu tochi ya namna hiyo haiingii.

Tochi hii ina kasoro nyingine ndogo. Mwanga wake wa kibluu huzima wekundu wa vitu. Usichambue kahawa kwa tochi hii jioni, utachanganya buni mbivu na isiyoiva vizuri. Ukungu ukishuka, ukiinyosha mbele utaona ukuta mweupe tu. Ishushe chini usawa wa goti, njia itaonekana. Na ukikutana na mtu mzima njiani, mulika miguu yako mwenyewe, si uso wake. Mwanga huu ni mkali, unaumiza macho.

Tena, kitufe hujibonyeza chenyewe mfukoni. Kama tochi yako ina kifuniko cha kuzungusha, kilegeze nusu mzunguko mchana.

Wapagazi wa Marangu wanaopanda mpaka Kibo wanapendelea tochi ya kufunga kichwani, kwa kuwa mikono ina kazi. Kule juu, mita 4,720, baridi hudhoofisha betri, kwa hiyo huiweka ya akiba ndani ya nguo, karibu na mwili. Hata kwa kukamua ng'ombe alfajiri, ya kichwani ni bora kuliko yangu. Yangu nalazimika kuishika kwa meno.

Mama watoto ameifunga kamba, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Betri ya akiba iko kwenye kopo chini yake. Na ile tochi kubwa ya zamani bado iko juu ya kabati. Usiku wa zamu ya maji nachukua zote mbili.