Simu ya mmoja isisikike basi zima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache juu ya tabia iliyoenea sana katika vyombo vyetu vya usafiri, hasa kwa sisi tunaotoka Gongo la Mboto, Ukonga na Banana kwenda Kariakoo kwa barabara ya Nyerere. Tabia yenyewe ni ya abiria kufungua simu yake na kuiacha iseme kwa sauti kubwa, kila aliyemo ndani asikie, apende asipende.

Msafiri wa saa kumi na mbili asubuhi anajua ninachosema. Dereva amefungulia muziki wake. Kiti cha nyuma yupo kijana anayetazama vichekesho vya TikTok, vya nusu dakika nusu dakika, na kila kimoja kina kicheko chake. Mlangoni yupo anayesikiliza uchambuzi wa mechi ya Simba na Yanga. Katikati ya basi mama mmoja anasikiliza mahubiri, na jirani yake anasikiliza mawaidha. Mwingine anazungumza na ndugu yake aliyeko Songea, simu ameishika bapa mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, na maneno ya pande zote mbili tunayapata sawasawa. Ukihesabu utakuta sauti sita au saba, na kila mwenye simu anapandisha yake ili aishinde ya mwenzake. Mwishowe hakuna hata mmoja anayesikia vizuri kile alichokifungulia.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vijana. Si kweli. Wazee wanafanya, akina mama wanafanya, na watumishi waliovaa tai wanafanya. Wengine watasema kelele si jambo geni, kwamba hata zamani redio zilikuwa zikifunguliwa mpaka mtaa wa pili. Hoja hii inafaa kujibiwa kwa makini, maana ndani yake ndimo lilimo jambo lenyewe.

Ni kweli kwamba nchi hii ilikuwa na desturi ya kusikiliza kwa pamoja. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kwa jina hilo mwaka 1965, redio zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Mwenye redio aliitoa barazani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Betri za National zilizoziendesha redio hizo zilitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye barabara hii hii ya Nyerere, wakati huo ikiitwa barabara ya Pugu. Ilipofika saa ya taarifa ya habari watu walinyamaza. Yalipokuja matangazo ya vifo walinyamaza zaidi, kwa sababu hapakuwa na ajuaye jina la nani lingetajwa. Yakifuata Mazungumzo Baada ya Habari, kila mmoja alikuwa na la kusema.

Mwaka 1973 Serikali iliifanya desturi hiyo kuwa chombo cha maendeleo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, siku yake na saa yake. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya, kama kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Kabla yake ilikuwapo Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na baada yake Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Redio moja, iliyowekwa katikati ya watu, ilichimbisha vyoo vingi.

Sasa ndugu msomaji aangalie tofauti iliyopo. Redio ile ilisikika na watu wengi kwa sababu watu hao walikuja kuisikiliza. Walikubaliana saa na walikubaliana kunyamaza, na ilipozimwa walikuwa na jambo moja la kuzungumza. Simu ya kwenye daladala hakuna aliyekuja kuisikiliza. Abiria amelipa nauli apelekwe Tazara au Kariakoo. Redio ile iliwakusanya watu mahali pamoja, na simu hizi zinawatawanya watu ambao tayari wamekaa bega kwa bega. Kwa hiyo asiyependa kelele za simu asiambiwe kwamba ana roho ya kizungu au kwamba amesahau ujamaa. Ujamaa wa kusikiliza ulikuwa na adabu yake, na ya kwanza ilikuwa ridhaa ya wasikilizaji.

Lakini Ndugu Mhariri, kama jambo lingekuwa ni kelele tu, labda nisingekuandikia. Masikio yetu yamekwisha zoea honi za malori na vyuma vya mafundi wa Vingunguti. Lililo zito zaidi ni siri za watu.

Siku hizi watu wengi hawaandiki. Wanatumiana ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Ni njia nzuri, hasa kwa mzazi ambaye kuandika kunampa taabu. Lakini anayetuma ujumbe ule yuko nyumbani kwake, anazungumza na mtu mmoja anayemwamini. Anasema mtoto amekutwa na ugonjwa gani, au mume amefanya nini usiku. Mwingine anaeleza kwamba kodi ya nyumba imekwisha na mwenye nyumba ametoa siku tatu. Hajui kwamba mpokeaji yuko kwenye daladala pale Banana, kibonyezo kimebonyezwa, na habari zake zinasikilizwa na watu arobaini wanaotazama dirishani kwa kujifanya hawasikii. Miongoni mwa hao arobaini wamo wa mtaa mmoja naye. Ukonga si kubwa kiasi hicho. Habari ikishuka Mombasa kituoni saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku itakuwa imefika kisimani.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Ni sheria nzuri, na inazibana taasisi zinazokusanya majina, namba na habari zetu. Lakini sheria hiyo haitaweza kukaa kwenye kila kiti cha basi kumlinda shangazi asitangazwe na mpwa wake mwenyewe. Hapo kinga pekee ni uungwana. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi ule ulikuwa na kata moja. Mwenye kuifungulia spika siri ya mwenzake amegawa kata kwa kila abiria.

Tena tusiwasahau waliochoka. Daladala ya alfajiri haibebi wanaokwenda kazini tu. Wamo wauguzi na walinzi waliokesha, na wapo wafanyakazi wa uwanja wa ndege waliotoka zamu ya usiku. Kuna mgonjwa anayepelekwa Amana au Muhimbili, na kuna mwanafunzi aliyeamka saa kumi ambaye nusu saa ya kwenye basi ndiyo usingizi wake wa mwisho kabla ya kipindi cha hesabu. Hawa hawaombi basi liwe maktaba. Mazungumzo ya watu hayamkeri mtu. Abiria wawili wakijadiliana bei ya unga, wa tatu huingia na neno lake, na safari huwa fupi. Lakini kicheko cha ndani ya simu huwezi kukijibu, na mhubiri wa ndani ya simu huwezi kumwuliza swali.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni haki kuzisema. Wapo wenye simu ambazo spika ndogo ya sikioni imekufa, na bila spika kubwa hawasikii kitu. Wapo wenye masikio mazito. Hao hawana kosa, na wakisema maneno mawili kisha wakakata hakuna wa kuwalaumu. Wapo pia wanaosema kwamba spika za masikioni ni hatari. Kwa mwendesha bodaboda, na kwa mtu anayevuka barabara au njia ya reli huku ameziba masikio yote mawili, nakubaliana nao kabisa. Lakini abiria aliyeketi ndani ya basi hana honi ya kuikwepa. Kazi ya kukwepa ni ya dereva.

Wengine wanahofia kwamba kila mtu akiziba masikio yake tutakuwa watu wa kuketi pamoja bila kujuana. Hofu hiyo si ngeni. Kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa kinanda cha kaseti cha kubeba mkononi, Walkman, mwaka 1979, wakubwa wake waliona ni kukosa adabu kwa mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya mwenzake. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilitengenezwa na matundu mawili, ili wawili wasikilize kaseti moja. Wale walihofia uchoyo wa kuficha muziki, na sisi tumefikia ubabe wa kuulazimisha. Japani hiyo hiyo, abiria wa treni huombwa waziweke simu zao kimya na wasizungumze nazo ndani ya behewa. Huko London nako, mwaka 2025 wasimamizi wa usafiri walibandika mabango ya kuwaomba abiria watumie spika za masikioni. Kwa hiyo ugonjwa huu si wetu peke yetu, na dawa yake haihitaji fedha za kigeni.

Je, tufanye nini? Sipendekezi faini wala sitaki askari wa usalama barabarani waongezewe kazi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na kwa kanuni hizo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa za starehe mwaka 2023. Hiyo ni dawa ya baa. Simu ya abiria mmoja itapona kwa maneno mema, na hapa naonelea mambo manne yafanyike.

Kwanza, dereva aanze yeye. Hawezi kumwambia abiria apunguze simu wakati muziki wake unatikisa vioo. Redio ya basi ikiwa ni moja na ya wastani, itatosha.

Pili, wenye mabasi waandike ndani ya magari yao maneno machache yanayosomeka: Sikiliza simu yako peke yako. Tumezoea kusoma ndani ya daladala methali za kila aina, nyingine za kuchekesha na nyingine za kutisha. Moja zaidi yenye faida haitaharibu rangi. LATRA nao wakiliunga mkono jambo hili, litaenea upesi kwenye njia zote.

Tatu, kondakta apewe na abiria nguvu ya kusema. Mara nyingi yeye husita kwa sababu akimwambia mmoja, basi zima hukaa kimya kama kwamba halimo. Akisema, "Mzee wangu, naomba tupunguze kidogo," nasi tuitikie. Neno la adabu likiungwa mkono na watu wawili watatu halileti ugomvi.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu, tujue chombo tulichonacho. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukiufungua na kuiweka simu sikioni, sauti yenyewe huhamia kwenye spika ndogo ya sikioni, kama unavyopokea simu ya kawaida. Hakuna la kununua wala la kulipia. Wengi hawajui jambo hili, na naomba atakayesoma barua hii amwonyeshe jirani yake. Na kama huwezi kusikiliza kwa sikio, ujumbe utakusubiri mpaka ushuke kituoni. Haulali njaa.

Mabasi yetu yamebadilika sana. Tulikuwa na yale ya UDA, yakaja ya watu binafsi mwaka 1983 tukayaita daladala, na mwaka 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara. Juni 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kuchukua abiria kwenda Morogoro, ikipita huku kwetu. Magari mapya hununuliwa kwa fedha, lakini adabu ya kukaa ndani yake haiuzwi pamoja nayo, wala hakuna mkandarasi wa kuijenga. Ni kazi yetu abiria, na tukiifanya vizuri, mama aliyeko Songea atakuwa na hakika kwamba maneno aliyomwambia mwanawe yamemfikia mwanawe tu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Abiria,
Ukonga, Dar es Salaam.