Wingi wa Vyama Si Wingi wa Haki

Wapo wasemao kwamba raia wa Tanzania walipata uhuru wao mwaka 1992, siasa ya vyama vingi iliporudi. Neno hili lapendeza masikioni, lakini halina mizizi. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoshauri vyama viwe vingi, ilitaja pia sheria 40 zilizowakandamiza watu. Ushauri wa kwanza ulipokewa upesi. Wa pili uliwekwa kando, na nyingi ya sheria hizo zikadumu. Nyumba ikaongezwa milango, kufuli zikabaki zile zile.

Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, maandamano yalipozimwa kwa risasi. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku kwa kauli ya Rais. Januari 2023 ikaruhusiwa kwa kauli ya Rais mwingine. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, raia waliuawa tena kwa risasi, intaneti ikiwa imezimwa.

Haki ifungwayo na kufunguliwa kwa kauli ya mtu mmoja ni hisani, na hisani hunyimwa wakati wowote. Basi wadaio katiba mpya wasibezwe. Hawaombi chama kingine. Wataka sheria iliyo juu ya amri ya mkubwa yeyote.