Mafuriko ya Umeme na Utando wa Kuyazuia

Leo tunataka kusema juu ya umeme. Msicheke. Katika kila mkutano wa tawi wananchi hutuuliza umeme utafika lini. Hatujamsikia hata mmoja aliyeuliza utalindwaje ukishafika.

Nyaya zikigusana, au tawi la mti likiangukia laini, umeme hufurika hata mara kumi ya kiasi chake au zaidi. Swichi kubwa za vituo vya kupozea umeme hukata, lakini kabla hazijakata transfoma imekwisha pata kishindo. Tena kadiri mitambo inavyoongezwa kwenye gridi, ndivyo shoti inavyozidi nguvu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine tisa, megawati 2,115, ni fahari yetu sote. Walakini kila mashine iliyojiunga nayo imeongeza na nguvu ya shoti, na swichi iliyotosha jana yaweza isitoshe kesho.

Wajerumani wa mji wa Essen, mwaka 2014, waliunganisha vituo viwili kwa kebo ya supakondakta ya kilometa 1, kilovolti 10, wakaifungia na chombo cha kuzuia mafuriko hayo. Siku hizi vyombo vya namna hiyo hutengenezwa kwa utepe wa chuma uliopakwa utando wa supakondakta, unene wake kama sehemu moja ya elfu ya milimeta. Ukipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, utando hupitisha umeme karibu bila ukinzani. Umeme ukipita kiasi, mara moja utando hugeuka ukawa kizuizi, katika sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Haungoji amri ya mtu. Ukipoa tena, unarudi kazini.

Wako wenzetu wasemao hayo ni mambo ya Ulaya. Basi baridi hiyo yatoka wapi? Yatoka katika nitrojeni ya maji, na nitrojeni ni karibu sehemu nne katika tano za hewa tunayovuta. Bwana mifugo huibeba katika mtungi ili kuhifadhi mbegu za madume. Wafugaji wa Usa River wanaijua kuliko sisi tuliosomea ualimu!

Hatusemi serikali ikanunue kesho. Bei ni kubwa, na mashine ya baridi haina likizo. Tunalodai ni vijana wetu wa vyuo vya ufundi wafundishwe jambo hili sasa. Supakondakta za kufanya kazi katika baridi ya nitrojeni zimejulikana tangu 1987. Siku muuzaji atakapokuja na karatasi za kutia sahihi, awepo mezani kijana wetu wa kumwuliza: utando huu hupoa tena kwa dakika ngapi? Baridi ikikatika usiku, laini itakuwaje? Na ukiungua, nani ataubadilisha, kwa fedha ya nani?