Fundi, usikate kitako cha bunduki

Ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi mama na baba mliofika hapa na mizigo kichwani kutoka Mitwaba, Pweto, Manono na hata Kivu, leo sisemi juu ya bei ya unga wala juu ya umeme. Nina neno kwa mafundi mbao wa komini zetu, na kwa wale wanaowapelekea kazi ya kuficha.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu anafika ateliee jua limekwisha kuzama, amefunga kitu ndani ya gunia. Hataki meza, hataki kitanda. Anataka kitako cha bunduki kifupishwe, kipigwe randa, kipigiliwe kipande cha mpira ili kisimuumize bega. Analipa vizuri kuliko mwenye kutengenezesha mlango. Fundi mmoja aliyeombwa hivyo aliniambia: « Mimi ninakata mbao tu. Bunduki si yangu. »

Hapana, ndugu yangu. Hukati mbao tu.

Kitako ndicho kinachounganisha bunduki na mwili wa mtu. Kikiwa kirefu kupita mkono wake, hawezi kulenga. Anayekuletea kitako upime, anakuletea mtu upime. Basi uliza: ni bega la nani? Kalashnikov ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 87, nayo ilitengenezwa kwa askari mtu mzima. Kama kitako kimevunjika, mwenye bunduki halali ana wakubwa wake wa kumtengenezea. Anayekifupisha kwa siri mara nyingi ana sababu mbili: aifiche chini ya koti, au aitie mikononi mwa mtoto.

Mji huu unawajua kadogo. Waliingia hapa na AFDL mwezi wa nne 1997, wengine wadogo kuliko silaha walizobeba. Baadaye, katika pembetatu ya kifo ya Mitwaba, Manono na Pweto, mai-mai nao walichukua watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhukumu miaka 10 hadi 20 ya kifungo mtu anayemwingiza mtoto katika kikundi cha silaha. Fundi atasema yeye hakumwingiza mtoto yeyote. Ni kweli. Ameifanya tu bunduki imkae vizuri.

Wako watakaonijibu: usiku wezi wanaingia na silaha, polisi haifiki, tujilinde na nini? Sisemi hakuna wezi. Mimi pia ninalala hapa, ninasikia mbwa wakibweka saa nane za usiku na ninaamka. Lakini bunduki ya chini ya kitanda haimchagui mtu. Mtoto wa nyumba ndiye anayeigusa kwanza. Na ninyi mliokimbia vita, fikirini zaidi: askari akikuta bunduki iliyokatwa katika chumba cha familia kutoka Mitwaba, nani atasikiliza mkisema kwamba mliwakimbia mai-mai? Mtaitwa mai-mai ninyi wenyewe.

Mwindaji wa kijijini simshambulii. Bunduki yake ya kienyeji inalisha nyumba, na kitako chake kikipasuka lazima kitengenezwe. Lakini sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 inataka ruhusa. Mwenye karatasi aende mchana, shefu akijua. Kazi halali haingojei giza.

Sasa neno kwa serikali, maana si haki kumpigia makelele fundi peke yake. Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha 2006, akahukumiwa kifo 2009, akatoroka gereza la Kasapa 2011, akajisalimisha tena 2016 na kuwekwa mjini hapa, halafu Machi 2020 akaondoka. Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga waliingia hadi katikati ya mji, na zaidi ya 200 wakajisalimisha katika kituo cha MONUSCO. Mwisho wa mwaka ule, waliohama makwao katika Katanga nzima walikuwa karibu 400 000. Tarehe 14 Februari 2021 kambi za Kimbembe na Kibati zikashambuliwa. Fundi anayetazama haya yote anajifunza nini? Kwamba mwenye bunduki anapokelewa, na mwenye kukimbia bunduki anaulizwa anafanya nini mjini.

Lakini tunajua pia kwamba bunduki inaweza kutoka mikononi mwa watu. Wazee wa kaskazini wanakumbuka PAREC ya Mchungaji Ngoy Mulunda: ulileta bunduki, ulirudi nyumbani na baiskeli. Watu walielewa hesabu hiyo, kwa sababu baiskeli inabeba muhindi na makala kila siku, na bunduki haibebi kitu.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwanza, mafundi wa kila kartie wakae pamoja na wakatae kazi hii wote kwa siku moja. Akikataa mmoja tu, gunia litahamia kwa jirani. Pili, gavana na P-DDRCS, programu iliyoundwa 2021 kwa kazi hii, watuonyeshe hapa Lubumbashi mahali pa kuacha silaha, ambapo mtu haulizwi jina wala hakamatwi, na anapata kitu cha kumfaa. Tatu, fundi apewe kazi. Watoto wengi wanasoma wakikaa chini, na watoto wa waliohama ndio wa kwanza kukosa nafasi. Madawati hayo yaagizwe kwa atelie za Katuba, Kenya na Ruashi, yalipwe kwa wakati.

Mtu anayelipwa madawati kumi hana sababu ya kufungua mlango usiku. Na wewe fundi ambaye tayari umekata kimoja, sikutaji na sitakutaja. Kitakachofuata, kikatae. Kama huwezi kufanya hivyo kwa ajili yetu, fanya kwa ajili ya mtoto wako, maana bega lake nalo ni dogo.