Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lini?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi ni mwanafunzi wa Mtwara, lakini ndugu za mama yangu ni wavuvi wa Palma, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kila ninaposikia hoteli za kifamilia za pwani ile ya Cabo Delgado zikisifiwa, najiuliza: mwenyeji amepona kweli?

Sikatai kwamba zimetenda mema. Huko Guludo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliyoanzishwa mwaka 2002, wanandoa Waingereza walijenga hoteli ndogo pamoja na mfuko wa hisani, Nema, uliosaidia visima na shule. Katika kisiwa cha Vamizi, wenyeji walishirikishwa kulinda viota vya kasa. Nani mwenye akili atayalaani hayo?

Lakini kisima cha hisani ni zawadi, na zawadi humfuata mtoaji. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Mwaka 2020 vikafika Vamizi. Machi 2021 Palma ikavamiwa. Wageni wakaacha kuja, hoteli zikafungwa, mishahara ikakatika. Mwenye hoteli alikuwa na pasipoti na kwao pa kurudi. Mjomba wangu alikuwa na mashua tu. Akapakia watoto, akaenda Pemba kulala ugenini.

Mtaniambia kosa ni la vita, si la hoteli. Ni kweli. Lakini vita vimetuonyesha nani alikuwa mshirika na nani alikuwa mtumishi. Mjomba aliacha kuvua penye matumbawe ili samaki wazaliane na mgeni apate cha kutazama. Huo ni mtaji! Mbona hakuandikiwa hisa hata moja?

Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inatambua haki ya jamii inayokaa mahali kwa mila, hata bila hati. Basi ardhi hiyo na ihesabiwe kuwa mchango wa kijiji katika hoteli, kama fedha za mwekezaji zinavyohesabiwa. Na msiseme haiwezekani. Kule Laikipia, Kenya, hoteli ya Il Ngwesi ni mali ya Wamaasai wenyewe tangu mwaka 1996, na wanyama wao wanalindwa.

Siku amani itakaporudi, wawekezaji nao watarudi, na picha nzuri za kasa na watoto wanaocheka. Nawaomba wazee wa vijiji wasiulize kwanza, "Mtatuchimbia visima vingapi?" Waulize, "Hisa zetu ni ngapi, na zimeandikwa wapi?"

Tunaambiwa hoteli hizi ni za kifamilia. Vizuri. Familia ya mjomba wangu nayo ni familia, na ilikuwa pale kwanza.