Silaha ndogo: Dunia inakubaliana kuhusu bunduki, kwa nini inagombania risasi?

Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Juni 2024, wanadiplomasia walikaa New York kujadili silaha ambazo mtu mmoja anaweza kubeba begani. Bastola, bunduki aina ya AK-47, bunduki za rashasha. Mwisho wa mkutano hati ilipita kwa maafikiano. Hakuna nchi iliyosimama kupinga.

Kwenye diplomasia ya silaha, hilo si jambo dogo. Mwaka 2006 mkutano kama huo uliisha bila hati yoyote.

Lakini isome hati hiyo kwa macho ya mfugaji wa Turkana au mkulima wa Ituri, na swali linabaki lilelile la miaka zaidi ya 20: bunduki imeandikwa kila ukurasa, risasi je?

Hapo ndipo mvutano ulipo. Na jinsi unavyoshughulikiwa ndiyo itakayoamua kama mazungumzo haya yana faida kwa Afrika Mashariki au ni karatasi tu.

Kwanza, wanajadili nini hasa?

Kuna makubaliano matatu makubwa, na mara nyingi watu huyachanganya.

La kwanza ni Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa kuhusu biashara haramu ya silaha ndogo na nyepesi, uliopitishwa Julai 2001. Huu ni ahadi ya kisiasa. Nchi ikiukiuka, hakuna mahakama inayoisubiri.

La pili ni makubaliano ya mwaka 2005 kuhusu kuweka alama na kufuatilia silaha. Wazo lake ni rahisi: kila bunduki iwe na namba yake, ili ikikamatwa porini ijulikane ilitoka kiwanda gani, iliuzwa kwa nani, na ilipotelea wapi.

La tatu ni Mkataba wa Biashara ya Silaha, maarufu kama ATT. Ulipitishwa Aprili 2013 na ulianza kufanya kazi Desemba 2014. Huu ni sheria. Nchi iliyouridhia hairuhusiwi kuuza silaha ikijua zitatumika kwenye mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu.

Mkutano wa 2024 ulihusu hayo mawili ya kwanza. Yale ambayo karibu kila nchi imo, na ambayo hayana meno.

Afrika ilitaka nini tangu mwanzo?

Desemba 2000, miezi michache kabla ya mkutano wa New York, mawaziri wa Afrika walikutana Bamako, Mali, wakaweka msimamo wa pamoja.

Walipofika New York 2001, mambo mawili yalikuwa muhimu sana kwao. Kwanza, kudhibiti silaha za kivita mikononi mwa raia. Pili, silaha ziuzwe kwa serikali pekee, si kwa vikundi vya waasi.

Kwa bara lililokuwa likitazama vita vya Sierra Leone, Kongo na Burundi, ombi la pili halikuhitaji maelezo marefu.

Marekani ilikataa yote mawili. Mwakilishi wake, John Bolton, alisema wazi kwamba nchi yake haitakubali vipengele vya kuwabana raia wanaomiliki bunduki kihalali, wala vya kuzuia kabisa kuvipa silaha vikundi visivyo vya serikali.

Mazungumzo yalikwenda hadi asubuhi ya siku ya mwisho. Mwisho wake Afrika ilikubali kuyaondoa yote mawili ili hati isife. Rais wa mkutano, Camilo Reyes wa Colombia, hakuficha masikitiko yake kwamba wasiwasi wa nchi moja ulizuia makubaliano hayo.

Nchi moja. Kumbuka hilo.

Mtego wa "wote tukubali"

Mikutano ya silaha ndogo huendeshwa kwa desturi ya maafikiano. Kura inaruhusiwa, lakini haipendwi. Kwa lugha nyepesi, kila nchi ina kura yake ya turufu hata kama haimo kwenye Baraza la Usalama.

Faida yake ni kwamba wote wanabaki mezani: wanaotengeneza silaha, wanaouza, na wanaouawa nazo. Hasara yake ni kwamba hati inaishia pale anaposimama yule asiyetaka kusogea.

Njia nyingine ilionekana 2013. Machi 28 mwaka huo, Iran, Korea Kaskazini na Syria zilizuia maafikiano kuhusu ATT. Siku tano baadaye, waliokuwa wanautaka mkataba waliupeleka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Zaidi ya nchi 150 zikaunga mkono, tatu zilezile zikapinga, ukapita.

Ushindi? Ndiyo, lakini una bei yake. Urusi haikutia saini. Marekani ilitia saini Septemba 2013, Seneti yake haikuuridhia, na Aprili 2019 Donald Trump akatangaza kwamba anajitoa. China ilijiunga 2020.

Kwa hiyo chaguo ni gumu. Ukifuata maafikiano, unapata kila mtu lakini ahadi laini. Ukipiga kura, unapata sheria kali lakini wauzaji wakubwa wanaweza kukaa nje.

Suala la risasi limenasa katikati ya njia hizo mbili.

Kwa nini risasi ni muhimu kiasi hiki?

Bunduki bila risasi ni chuma tu. Hilo kila mtu analijua.

Kinachosahaulika ni kwamba bunduki moja inaweza kudumu miaka 40 au zaidi, lakini risasi huisha. Mwenye bunduki lazima arudi kutafuta nyingine, tena na tena. Ukibana risasi, unabana hata zile bunduki ambazo tayari ziko mitaani na porini.

Pamoja na hayo, Mpango wa 2001 hauweki wajibu unaozitaja risasi waziwazi. Mwaka 2018 nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, zilitaka zitajwe. Marekani na Israel zilipinga, na kwa mara hiyo desturi ikavunjwa: vifungu hivyo vikapigiwa kura na kubaki.

Hoja ya Marekani si ya kupuuzwa moja kwa moja. Inasema risasi hutengenezwa kwa mamilioni na hutumika mara moja, kwa hiyo huwezi kuzipa kila moja namba kama bunduki.

Lakini wanaotaka zidhibitiwe hawaombi namba kwa kila risasi. Wanataka alama kwenye fungu, rekodi za nani alipewa ngapi, na maghala yanayofungwa vizuri. Hayo yanawezekana.

Somo la Turkana

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu.

Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ilichunguza risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Watu wengi wangetarajia zimetoka Sudan au Somalia.

Ripoti ilisema karibu nusu zilitengenezwa Kenya kwenyewe.

Watafiti walitambuaje? Walisoma alama za kiwanda zilizopigwa kwenye kitako cha risasi. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, risasi hizo zilitoka kwa vyombo vya usalama na kupewa wenyeji wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha.

Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, risasi zinaweza kufuatiliwa. Alama ndogo tu ilitosha kueleza safari nzima. La pili, silaha haramu haziji tu na mfanyabiashara wa magendo anayevuka mpaka usiku. Nyingine hutoka kwenye ghala halali, kwa nia inayoonekana njema, kisha hakuna anayejua ziliishia wapi.

Ghala likivunjwa, mipaka haisaidii

Historia ya Karamoja, Uganda, inathibitisha hilo. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka 1979, askari walikimbia kambi ya Moroto na wenyeji wakachukua silaha ghalani. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka kuwa vita vya bunduki. Hadi leo serikali ya Uganda bado inahangaika kukusanya silaha katika eneo hilo.

Libya ikarudia somo lilelile 2011. Maghala ya Muammar Gaddafi yaliporwa, na mwaka uliofuata kaskazini mwa Mali kukalipuka.

Small Arms Survey na Umoja wa Afrika walikadiria mwaka 2019 kwamba raia barani Afrika, wakiwemo waasi na wanamgambo, wana silaha ndogo zaidi ya milioni 40. Majeshi na polisi kwa pamoja walikuwa na chini ya milioni 11.

Maana yake, hata kama dunia ingesimamisha uuzaji wote leo, zilizopo zinatosha kuendesha vita kwa kizazi kizima. Kinachobaki kudhibitiwa ni maghala, na risasi.

Na nchi zetu zimefanya nini?

Ni rahisi kuilaumu Washington. Lakini kioo nacho kinahitaji kutazamwa.

Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizopeleka Umoja wa Mataifa mwaka 2006 azimio la kuanzisha safari ya ATT. Mkataba ulipopita, Kenya iliupigia kura ya ndiyo. Ulipoanza kufanya kazi Desemba 2014, Kenya haikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini. Tanzania ilitia saini 2013, lakini kusaini si sawa na kuridhia; bila kuridhia, mkataba haujawa wajibu kamili.

Upande mwingine, ukanda huu una kitu ambacho Umoja wa Mataifa hauna. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 ni sheria inayozibana nchi zilizoiridhia, na inahusu pia risasi. Ina taasisi yake, RECSA, yenye makao makuu Nairobi na wanachama 15, kuanzia Tanzania, Uganda na Rwanda hadi Kongo, Somalia na Sudan.

Kazi yake kubwa haina mbwembwe: mashine za kupiga alama kwenye silaha za serikali, rekodi za kompyuta, mafunzo ya watunza maghala, kuharibu silaha zilizokamatwa. Novemba 2016, kwa mfano, Kenya ilichoma silaha 5,250 kule Ngong.

Picha za moto huvutia. Lakini zoezi la kuchoma linapima kilichokamatwa, halipimi kilichopotea. Askari asipoulizwa risasi alizopewa zimekwenda wapi, moto wa Ngong utawashwa tena mwaka mwingine.

Teknolojia haisubiri

Wakati wanadiplomasia wanabishana kuhusu neno moja, bunduki zenyewe zinabadilika.

Kuna zinazotengenezwa kwa plastiki ngumu, ambapo alama hufutika kirahisi. Kuna zinazobadilishwa vipande, namba ikabaki kwenye kipande kimoja tu. Na kuna zinazochapishwa kwa printa ya 3D nyumbani, bila kiwanda wala namba.

Mkutano wa 2024 ulikubali kuunda kundi la wataalamu wa nchi zote kuchambua suala hilo. Ni hatua nzuri. Ila kwa Afrika Mashariki kuna hatari ya mjadala kuhamia kwenye tatizo la nchi tajiri, huku AK-47 ya mwaka 1979 ikiendelea kufanya kazi yake.

Mambo matatu ya kutazama

La kwanza ni risasi. Desemba 2023 Baraza Kuu lilipitisha mwongozo wa dunia wa kusimamia risasi tangu kiwandani hadi zinapotumika au kuharibiwa. Ni wa hiari. Swali ni kama utaunganishwa kweli na mikutano ya silaha ndogo, au utabaki chumba cha pembeni. Ratiba iliyokubaliwa 2024 ni vikao vya 2026 na 2028, kisha mapitio makubwa 2030.

La pili ni pesa. Nchi za Afrika husema kila mkutano kwamba mashine, maghala na mafunzo vinagharimu. Wafadhili hutoa, lakini kwa miradi ya muda mfupi. Mradi ukiisha, mashine inakaa stoo.

La tatu ni kauli moja ya Afrika. Msimamo wa Bamako ulikuwa na nguvu kwa sababu bara zima lilizungumza pamoja. Umoja wa Afrika ulipanga kunyamazisha bunduki ifikapo 2020, ukashindwa, ukasogeza hadi 2030. Ni mwaka uleule wa mapitio ya New York.

Nchi za ukanda huu zikifika huko na rekodi zao za maghala zikiwa safi na mikataba ikiwa imeridhiwa, zitakuwa na haki ya kudai risasi ziandikwe wazi, na kudai kura kama nchi moja au mbili zitagoma. Zikifika mikono mitupu, jibu watakalopewa wanalijua tangu 2001.