Mbwa Wetu Mtundu: Nani Alaumiwe?

Likizo iliyopita nyumbani kwetu Cibitoke palikuwa na kesi. Mshtakiwa alikuwa mbwa wetu Bobi, hakimu alikuwa baba, nami nilikuwa wakili wa mshtakiwa, ijapokuwa hapana aliyenipa kazi hiyo. Nimeona yafaa kuyaandika mambo yale humu gazetini, maana najua wengi wenu mna mbwa majumbani, na wengi nimewasikia wakisema maneno yale yale aliyoyasema baba: dawa ya mbwa mtundu ni fimbo, fimbo ikishindwa, mnyororo, mnyororo ukishindwa, afukuzwe. Mimi sikubali. Nasema kwamba sehemu kubwa ya utundu wa mbwa hufundishwa na watu wa nyumba yenyewe, na kwamba fimbo apigwayo kwa kuchelewa haimpi adabu ila woga, na woga huo ndio uumao watu.

Asiyepajua kwetu na ajue kwamba Cibitoke ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge, Kinama na Mutakura. Nyumba zimesongamana, na mara nyingi jamaa mbili au tatu hukaa ua mmoja. Ndivyo ilivyo kwetu. Tuna wapangaji wawili, na mmoja wao ni mama auzaye ndagala sokoni. Katika ua wa namna hiyo mbwa akikosa hamkosei bwana wake peke yake. Humkosea kila apitaye penye bomba la maji.

Mashtaka yalikuwa haya. Bobi huchukua kandambili mlangoni na kuzitafuna nyuma ya mgomba. Huchimba mashimo uani. Humrukia kila aingiaye na kumwekea miguu ya matope juu ya kitenge chake, hata kama kitenge hicho kimevaliwa kwa kwenda kanisani. Na mwisho, ndagala. Hayo matatu ya kwanza watu waliyachekea kwa muda mrefu. La ndagala halikuchekesha mtu.

Mama yule alikuwa ameanika ndagala zake juu ya turubai, akaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Alipotoka alimkuta Bobi amesimama katikati, na karibu nusu ya zile ndagala zimekwisha, nyingine zimekanyagwa mchangani. Hakupiga kelele. Aliketi chini akalia polepole, maana zile ndagala zilikuwa mtaji wake wa juma zima. Nilikuwapo, na nakiri kwamba saa ile hata mimi nilimchukia Bobi.

Jambo lile lilitokea asubuhi. Baba alirudi kazini jioni, akaambiwa. Bobi, ambaye alikuwa amelala mchana kutwa na kusahau mambo ya asubuhi, alisikia mlango wa ua, akaenda mbio kumlaki bwana wake huku akitikisa mkia. Akapigwa palepale. Alipigwa sana. Baba akamlipa mama wa ndagala fedha zake zote, jambo ambalo lilikuwa haki kabisa, kisha akasema mwisho wa mwezi mbwa yule asionekane tena pale.

Sasa nawauliza, wenzangu: Bobi alijifunza nini jioni ile? Wengi watajibu kwamba alijifunza kutokula ndagala. Hata kidogo. Kati ya ndagala na fimbo zilipita saa nyingi, na mbwa hawezi kuziunganisha. Alijifunza kwamba ukimlaki baba unapigwa. Tangu siku ile, mlango ukilia jioni, Bobi hujificha nyuma ya mgomba, mkia kati ya miguu. Na watu wakimwona hivyo husema, “Mtazameni, anajua makosa yake!”

Kuhusu uso huo wa hatia, mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Marekani, bibi Alexandra Horowitz, alitoa habari za jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula, ila mara nyingine aliambiwa uongo. Ikaonekana kwamba ule uso wa hatia haukutokana na kosa bali na kukaripiwa. Tena waliokaripiwa bure, ambao hawakugusa chakula, ndio waliouonyesha zaidi. Basi tunachokisoma usoni mwa mbwa si toba. Mbwa yule anasoma hasira yetu tu.

Nisingelitia mkazo neno hili kama mambo yangeliishia kwenye ndagala. Siku mbili baada ya kipigo kile, mtoto wa mpangaji wetu wa pili, mwenye umri wa miaka minne, alikwenda karibu na Bobi alipokuwa akila. Mtoto huyo alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na Bobi hakuwahi hata kunguruma. Lakini siku ile mtoto alishika mwiko mkononi, akauinua, kama watoto wafanyavyo katika michezo yao. Bobi alimwuma mkono.

Dada yangu alimchukua mtoto, akampeleka bombani, akauosha mkono kwa maji na sabuni dakika 15 nzima kwa saa ya ukutani, ijapokuwa mtoto alilia na mama yake alitaka waende mara moja. Dada alifanya vema. Kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni ndiyo dawa ya kwanza, na wala si kupaka majani, mafuta au majivu. Kisha wakaenda kwa mganga. Neno la kwanza aliloulizwa mama lilikuwa, “Mbwa amechanjwa?”

Amechanjwa, na karatasi yake ilikuwa kabatini. Hata hivyo mtoto alipewa chanjo yake, na sisi tukaambiwa tumfunge Bobi na kumtazama kwa siku 10. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa ambaye ugonjwa umekwisha kufika katika mate yake, kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Wasomaji, siku zile kumi zilikuwa ndefu. Kila asubuhi mama wa mtoto alisimama mbali akamtazama Bobi anavyokunywa maji. Hakutuambia neno baya hata moja, nasi tuliona haya zaidi kuliko kama angelitutukana.

Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Dalili zikisha kumtokea mtu, karibu hapana dawa: hufa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu makumi ya maelfu hufa kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila mia, 40 ni watoto wasiofika miaka 15. Na haya hutukia ijapokuwa chanjo ilikwisha patikana zamani sana. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akapona. Kwa hiyo mtu akiniambia ampenda mbwa wake, mimi humwuliza kwanza iko wapi karatasi ya chanjo.

Bobi hakuwa na kichaa. Aliogopa fimbo, akauona mwiko.

Sasa nitaje mkosaji mwingine, ambaye hakupigwa. Bobi alipokuwa mdogo, wa miezi minne au mitano, meno yake yalikuwa yakibadilika, naye alitafuta kitu cha kutafuna, kama watoto wote wa mbwa. Nilimpa kandambili yangu kuukuu. Nilivutana naye, nikacheka, nikawaita wenzangu waje kutazama. Mbwa atajuaje ipi ni kuukuu na ipi ni ya mgeni? Niliporudi kutoka shule alinirukia, nami nilimpokea mikononi kama ndugu. Wadogo zangu walimtupia ugali na vichwa vya samaki wakati wa chakula, huku mama akimfukuza kwa ufagio. Nyumba moja, sheria tatu. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulimkunja, lakini tulimkunja upande usiofaa.

Kwa hiyo nilimwomba baba anipe siku za likizo zilizosalia. Sikuwa na elimu kubwa ya mambo hayo, lakini nilikuwa nimesoma habari za panya wa Morogoro. Huko Tanzania, penye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na tena kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Hawafundishwi kwa fimbo. Panya akipata kile kitakiwacho husikia mlio mdogo wa kidude, na papo hapo hupewa ndizi. Mmoja wao, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vitu vingine vya kulipuka zaidi ya 100. Mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza, na mwaka 2022 akafa kwa uzee. Nilisema moyoni, ikiwa panya aweza kufundishwa hivyo kwa kipande cha ndizi, Bobi wetu ana udhuru gani? Au mimi nina udhuru gani?

Jambo la kwanza halikumhusu mbwa hata kidogo. Nilipigilia ubao ukutani, na viatu vyote vikapanda juu. La pili, niliwakusanya watu wa ua wote, wapangaji pia, nikawaomba kwamba Bobi akimrukia mtu, mtu huyo ageuke ampe mgongo, asiseme neno, asimsukume, maana hata kumsukuma kwake ni mchezo. Akiweka miguu minne chini, ndipo asalimiwe. Hili lilikuwa gumu sana, si kwa Bobi, bali kwa wadogo zangu. Siku ya tatu tu alianza kusitasita. Siku ya nane aliketi mwenyewe mbele ya mama wa ndagala, akangoja. Mama yule alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya turubai, akampa ndagala moja. Nilitaka kumkataza, nikaacha.

Mashimo nayo yalikuwa na sababu yake. Bujumbura ni mji wa joto, na mbwa huchimba ili alale juu ya udongo wa baridi. Nilimchagulia mahali pamoja kivulini, nikapamwagia maji; mengine tukayafukia. Chakula hupewa mara mbili kwa siku, mahali pamoja, na mtoto haruhusiwi kufika hapo. Alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, nilimchukua kwa kamba tukatembea njiani, kwa kuwa mbwa asiye na kazi hujitafutia kazi. Ndagala zikianikwa, hufungwa kwa kamba ndefu kwa muda huo tu. Kumfunga mnyororo mchana kutwa ni jambo jingine: mbwa wa namna hiyo hubweka usiku kucha, na siku akikatika humwuma wa kwanza kumwona.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtu mwenye shida ya chakula hana wakati wa kumfundisha mbwa adabu. Mbwa wa kuwinda wa nchi zetu za Maziwa Makuu walivishwa kengele shingoni, wakaingia porini na kurudi walipoitwa. Je, walifundishwa na Wazungu? Na kuhusu chakula, hesabu ndagala za asubuhi moja, kisha uniambie kipi ni ghali.

Lakini nakubaliana na majirani katika jambo moja. Wako waogopao mbwa, na wako Waislamu wasiotaka mate ya mbwa yaguse nguo zao kabla ya sala. Hawa si wachukivu wa wanyama, na wana haki ya kupita uani kwa amani. Mwenye mbwa anayesema “haumi, haumi” huku mgeni amekwisha kupanda juu ya kiti, hampendi mbwa wake. Anamtafutia maadui.

Baba amempa Bobi muda mpaka mwisho wa muhula huu. Mimi nimerudi shuleni, na sheria zote zimo mikononi mwa mdogo wangu mwenye miaka kumi na mmoja. Juzi alinipigia simu. Mtoto aliyeumwa amepona, ila bado hupita upande wa pili wa ua. Bobi humlaki baba tena, ingawa husimama hatua tatu mbali naye. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba jana kiatu cha baba cha kushoto kilionekana nyuma ya mgomba. Nikamwuliza kama kiatu hicho kilikuwa juu ya ubao au mlangoni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema fedha za simu zinakwisha.